Kengele ya Chembe Mia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tik, tik, tik, tik, kisha ting. Nimeamka na sauti hiyo kichwani na haijatoka. Ni kihesabio cha Baba. Kidude cha chuma chenye vitufe vitano, kila kitufe kwa aina yake ya chembe nyeupe za damu. Baba aliinamia hadubini, jicho kwenye lenzi, vidole vikibonyeza bila kuangalia. Chembe ya mia ikipita, kengele inalia mara moja. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimekaa chini ya meza na begi la shule, nasubiri. Kengele ikilia Baba alisema mia imetimia, na maana yake ilikuwa twende nyumbani. Mpaka leo nikisikia kengele yoyote, hata ya baiskeli, natafuta viatu.

Sasa mimi ndiye ninayekaa kwenye meza ile. Maabara ile ile, dirisha lile lile. Hadubini ile ile pia, rangi imechubuka pale kiganja cha Baba kilipokuwa kikishika.

Asubuhi Mkuu wa maabara, mama asiyepandisha sauti hata akikasirika, ametangaza kwamba Ijumaa inafika hadubini mpya yenye skrini. Ya zamani itakwenda stoo. Stoo yetu vitu huingia, havitoki. Kuna mzani ulioingia kabla sijazaliwa.

Injinia amepiga makofi. Si injinia. Ni mtaalamu wa maabara kama mimi, ila alihudhuria mafunzo ya siku mbili ya mashine mpya ya kuhesabu chembe, akarudi na cheti na kalamu. Tangu hapo anaitwa Injinia, na anaitika. Mimi ananiita Profesa. Siitiki, lakini nageuka.

Nimeapa hadubini haitoki.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza: shindano. Kichupa kimoja cha damu, cha mzee mwenye kikohozi. Injinia kwa mashine, mimi kwa jicho, Mkuu shahidi.

Mashine: dakika moja.

Mimi: kupaka damu kwenye kioo, kukausha, kutia rangi, kusubiri, kusuuza, kukausha tena, kuhesabu. Dakika ishirini na sita. Injinia alitoka kunywa chai, akarudi, akauliza kama Profesa amefika hamsini, akatoka tena.

Majibu. Chembe zinazopanda mtu akipata maambukizi ya bakteria: mimi sabini na mbili kwa mia, mashine sabini na mbili nukta moja. Sijawahi kutamani kutofautiana na kitu namna ile. Mkuu ametupongeza wote wawili, akasema sasa ameona kwamba mashine ilistahili kununuliwa.

Nyumbani nimemsimulia Baba. Amestaafu miaka mitano, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, nilitegemea atauma meno kwa uchungu. Amesema hadubini ile ilimuumiza mgongo miaka thelathini, na kama angekuwa na mashine angekuwa anarudi nyumbani mapema. Nimemwambia hamaanishi hivyo. Amesema anamaanisha, mama, na nimsogezee chumvi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa pili: mashine ikosee. Si ile ya chembe, bali dada yake, ya kupima chumvi za damu. Damu itakuwa yangu. Mimi mzima, kwa hiyo jibu lolote la ajabu ni uongo wa mashine. Nilijiona mwanasayansi hasa.

Nimejichoma mwenyewe mkono wa kushoto. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kimejaa vizuri. Chenye kifuniko chekundu, ambacho ndicho cha kupimia chumvi, kimepata matone tu, mshipa ukagoma. Sikuwa na hamu ya kujichoma tena. Damu ni damu, na yote yangu. Nikamimina kutoka zambarau kwenda chekundu.

Saa nne majibu yametoka. Potasiamu kumi na nne. Kalsiamu karibu na sifuri. Mtu wa kawaida potasiamu yake ni nne hivi, na ikifika saba moyo huanza kusuasua. Mimi nilikuwa nimesimama wima, moyo unadunda kwa furaha. Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu, kichwa chake "Kuhusu Kutoaminika kwa Mashine", nikamkabidhi Mkuu mbele ya watu.

Mkuu amesoma. Amevua miwani. Ameuliza marehemu anazikwa saa ngapi.

Nikasema marehemu ni mimi.

Injinia, bila hata kuinuka kitini, ameuliza kama Profesa alimimina kutoka zambarau. Dawa iliyomo kwenye kichupa cha zambarau, ya kuzuia damu isigande, imejaa potasiamu, nayo huimeza kalsiamu yote. Hilo hufundishwa mwaka wa kwanza. Tena kuna bango ukutani linalosema USIMIMINE, lenye picha ya vichupa viwili na mstari mwekundu wa kukataza katikati. Lilikuwa juu ya kichwa changu. Wote wakalitazama. Nililichora mimi.

Alasiri nzima nimejificha nyuma ya jokofu, najifanya napanga vichupa. Nimemkumbuka Baba. Jibu likimshangaza hakulipeleka kwa daktari moja kwa moja. Alishika karatasi na kuiuliza umetoka wapi wewe, nani amekuleta. Kisha aliniacha chini ya meza, akaenda wodini kumtazama mgonjwa usoni. Nilidhani baba yangu huongea na karatasi. Niliwaambia wenzangu shuleni, nikachekwa, nikaona fahari.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango wa tatu niliutekeleza kabla ya kuuandika. Asubuhi, kabla mtu hajafika, niliitia hadubini kwenye kikapu, nikaifunika kwa koti langu jeupe, nikaipeleka nyumbani. Dakika kumi kwa miguu. Nikaiweka kabatini kwa Baba, nyuma ya makoti. Wakija na ya skrini hawatakuta cha kupeleka stoo. Nilirudi kazini nikijipigia mluzi.

Saa tatu daktari wa upasuaji aliingia mwenyewe. Ana mgonjwa, mwalimu wa umri wangu, aliyekuwa atolewe vijiwe vya nyongo leo adhuhuri. Mashine imesema chembe sahani zake, zile ndogo zinazogandisha damu, ni elfu kumi na moja. Kawaida huanzia laki moja na nusu. Mtu mwenye hesabu hiyo hakatwi, atavuja mpaka aishe. Daktari ameahirisha, na anaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa wakachunguze uboho wa mifupa yake, maana huenda ni saratani ya damu. Mama wa mwalimu alikuwa kwenye benchi la korido, analia bila sauti, ameshikilia viatu vya binti yake.

Injinia akapima tena. Elfu kumi na mbili. Lakini daktari akasema jambo moja linamsumbua: mgonjwa hana alama hata moja ya damu kuvia, fizi zake safi. Na chini ya karatasi mashine ilikuwa imechapa nyota ndogo na maneno: angalia kwa hadubini.

Mashine yenyewe iliomba hadubini.

Mkuu akageukia meza ya dirishani. Palikuwa na alama ya kitako cha hadubini kwenye vumbi, basi. Injinia akasema taratibu kwamba imeibiwa. Nikasema haijaibiwa. Nikasema ipo. Nikasema ipo kabatini. Mkuu akauliza kabati gani.

Nikasema la Baba.

Nilimpigia Baba simu ailete. Nikapaka damu ya mwalimu kwenye kioo, nikatia rangi. Baba alifika kwa miguu, ameikumbatia hadubini kifuani kama mtoto mwenye homa. Hakunitazama. Aliiweka juu ya alama yake bila kupapasa. Kisha akatoa kihesabio mfukoni, akakiweka kando, kama vile alitoka jana tu.

Akainama kwenye lenzi. Akainuka. Anaona mwanga na ukungu, akasema, hana zaidi. Akanipisha kiti. Halafu akasema kile alichosema nilipochungulia mara ya kwanza, nina miaka saba, nikadai naona sungura: usiniambie unachotaka kuona, mama, niambie unachokiona.

Nilichotaka kuona nilikijua. Kwa hiyo nikaanza katikati ya kioo, nisikotarajia kitu. Chembe sahani chache mno. Nikasogea pole pole kwenda pembezoni, na huko nikazikuta, zimeshikana mafungu mafungu, kama watu waliojibanza barazani mvua ikinyesha. Mashine haiwezi kuhesabu fungu. Ni dawa ile ile ya zambarau: kwa watu wachache huzifanya zigandamane zikiwa ndani ya kichupa. Mwilini hazina neno.

Nikasema hivyo kwa sauti. Injinia akachungulia, kisha akakimbia mwenyewe wodini kuchukua damu nyingine kwenye kichupa cha buluu, chenye dawa tofauti. Laki mbili na arobaini elfu.

Hakuna aliyeniagiza, lakini nikahesabu na chembe nyeupe. Tik, tik, tik. Baba alisimama nyuma yangu, nikisikia pumzi yake. Ting. Mia imetimia, akasema. Nikajikuta naangalia viatu.

Mama wa mwalimu aliingia kuuliza amshukuru nani. Injinia akamwonyesha Baba. Sikukasirika. Kidogo tu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mwalimu amepasuliwa asubuhi, anaendelea vizuri. Hadubini ya skrini imefika. Ni nzuri, na inaudhi.

Mkuu amenipa barua ya onyo. Aya ya kwanza ni kuhamisha mali ya maabara bila ruhusa. Aya ya mwisho: hadubini ya zamani itabaki dirishani, skrini ikae meza nyingine. Kwa mdomo ameongeza kwamba ningeiacha mahali pake, yule mama asingelia saa nzima. Ameuliza kama nimeelewa.

Nimeelewa kabisa. Kitu kisihamishwe wakati kazi bado inakihitaji. Nimeandika kwa wino mwekundu. Injinia ameshusha bango la USIMIMINE, sasa liko usawa wa macho yangu. Ameniita Profesa, na nimeitika.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Jana tukifunga, Mkuu alitaja kwa kupita tu kwamba mashine kongwe ya kuzungusha vichupa vya damu, ili majimaji yajitenge na chembe, nayo inakwenda stoo. Ile inayoanza kwa kunguruma chini chini, ikapanda mpaka inaimba. Nilikuwa nikisinzia kwa wimbo wake chini ya meza, kichwa kwenye begi, Baba akisubiri isimame. Mpya inafika Jumatano.

Nilisema nisiandike chochote mpaka nitulie. Nimetulia. Iko chini ya kitanda changu, nimeichomeka kwenye umeme. Nzito kuliko nilivyodhani. Baba amegonga mlango kuuliza kwa nini kitanda kinanguruma, nikamwambia najaribu kulala. Vichupa vya Jumatatu na Jumanne vitazungushwa wapi, bado sijafikiria.