Ombi la Kunyimwa Tiketi ya Sikukuu

Behewa la 11, mlangoni pa choo,
Siku mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Malalamiko ya Abiria,

Salaam nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikukute umekaa, maana mimi nimesimama tangu jana.

Naitwa Qiu Suzhen, mshonaji katika kiwanda cha viatu huko Guangzhou, umri miaka thelathini na sita. Naandika karatasi ikiwa juu ya sanduku la mtu nisiyemjua. Treni imesimama katikati ya mashamba tangu asubuhi na hakuna aliyetuambia kwa nini, lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Mmeongeza treni. Sijui nani aliwashauri. Miaka mitatu mfululizo nimempigia baba simu kabla ya sikukuu na kumwambia tiketi zimekwisha. Ni uongo safi kabisa, kila mzazi nchini anauamini, na nusu ya wenzangu kiwandani wanaishi kwa huo huo. Mwaka huu mkatangaza redioni treni za ziada. Baba, mzee wa miaka sabini na moja, akaenda mwenyewe stesheni yetu ya Qingtan, akapanga foleni siku mbili, akaitaja namba yangu ya kitambulisho kwa kichwa, akaninunulia tiketi. Sasa mheshimiwa, mlipoongeza hizo treni, mtu kama mimi mlimfikiria kweli?

2. Tiketi yenyewe ni ya kusimama. Tuliambiwa safari ni saa ishirini na tatu, na hii ni ya ishirini na tisa. Chooni wamo wanaume wanne wanacheza karata. Ukibisha hodi wanakuuliza kwa adabu kama ni haja ndogo au kubwa, kisha wanakuomba usubiri mchezo uishe.

3. Maji ya moto yalikwisha jana. Nimetafuna tambi za pakiti kavu kama panya wa ghalani.

4. Mmeniweka karibu na Mama Fan. Huyu ana kiti, ana mayai ya kuchemsha, ana mbegu za alizeti, na ana maswali. Ndani ya saa tatu alishajua kijiji changu, mshahara wangu na maradhi yangu. Mwishowe akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamjibu Jianping amebaki kulinda kiwanda, sikukuu hii kama zile nyingine.

Akamenya yai, akanipa. "Binti yangu," akasema, "miaka yote analinda yeye tu? Hicho kiwanda kinashona viatu au kinachimba dhahabu?"

Behewa zima likacheka. Nami nikacheka, halafu nikajikuta nalia na yai mdomoni. Naona ofisi yako inawajibika.

5. Kwa kuwa hunijui, nakueleza ukweli. Jianping aliniacha miaka mitatu iliyopita. Baba alichinja nguruwe wawili kwenye harusi yetu, na tangu siku hiyo anamwita Jianping "mwanangu". Sina mdomo wa kumwambia. Naogopa kuuona uso wake atakaposikia, basi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hao hawakuwahi kupanda treni yenu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, ofisi yako ifungue orodha ya watu wa kunyimwa tiketi, na jina langu liwe la kwanza. Pili, kila aliyenyimwa apewe barua yenye muhuri mwekundu ya kumwonyesha mzazi wake. Tatu, treni hii igeuzwe irudi ilikotoka. Imeshasimama tayari, sidhani kama itakuwa kazi kubwa.

Nisalimie dereva, wauza tiketi wote, na aliyebuni tangazo la redioni, yeye mwambie tutaonana.

Wako nisiyepata pa kukaa,
Qiu Suzhen

Nyongeza: Tulifika tumechelewa saa tisa. Baba alikuwa langoni pa stesheni tangu asubuhi, na koti lake la pamba limelowa umande. Hata sijamwamkia, nikaanza hadithi ya Jianping na kiwanda. Akanipokea begi.

"Suzhen, pale dirishani waliniuliza nataka tiketi ngapi," akasema. "Nikasema moja. Ulidhani baba yako hajui kuhesabu?"

Kumbe Jianping alimpigia simu mwaka ule ule alioniacha, kumwomba radhi. Nikamuuliza baba kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Akasema alikuwa akingoja nije nimwambie mwenyewe, na kila mwaka tiketi zinakwisha.

Mheshimiwa, naomba uichane barua hii. Tiketi za mwakani zikianza kuuzwa, niwekee moja. Hata ya kusimama naipokea.