Afisa wa Vyombo vya Mara Moja

Leodegar hakuwa mwizi, na ukimwita hivyo alikuwa ananuna kweli. Mwizi huchukua kitu chako umelala. Leodegar alitaka uwe macho, umkaribishe kiti, umpakulie wali, halafu umsaidie kubeba. Moshi aliihama kwa sababu za kiafya, maana watu wanane walikuwa wameapa kumvunja miguu. Alishukia Karatu na mali mbili tu: ulimi wake, na Landrova ya marehemu baba yake iliyoitwa Babu. Ulimi ulikuwa wa kazi. Babu alikuwa wa moyoni. Baba yake alipeleka watalii Kreta ya Ngorongoro kwa Landrova ile miaka ishirini na tisa, na siku Leodegar alipokabidhiwa ufunguo wa gari hilo ndiyo pekee aliyowahi kuonekana akilia.

Jumatatu moja alikuwa anakunywa chai kwa Sabina, karibu na stendi, ndipo akaona kundi la akina mama limesimama mbele ya tangazo la halmashauri. Sabina mwenyewe, mama wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba, alikuwa anawasomea kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake.

"Kuanzia tarehe mosi, ni marufuku kwa mfanyabiashara wa chakula kuuza, kugawa wala kuwa na vyombo vya kutumia mara moja na kutupa. Atakayekutwa navyo atatozwa faini na kunyang'anywa leseni."

"Kuwa navyo tu?" akauliza Marsela muuza juisi.

"Kuwa navyo tu."

"Sasa nitavipeleka wapi? Nina vikombe vya plastiki hadi uvunguni mwa kitanda! Kuchoma hawataki, kutupa hawataki, kukaa navyo hawataki. Labda nivimeze."

Sabina hakucheka. Yeye ndiye aliyewafungia chakula cha mchana watalii wanaoshuka Kreta, na stoo yake ilijaa maboksi meupe ya tekiawei mpaka mlango haufungi. Leseni ile ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne.

Leodegar aliacha kutafuna. Pale ambapo wenzake waliona balaa, yeye aliona Landrova nzima ya mali ya bure. Kwani sheria ya Karatu si inaishia Karatu? Ng'ambo ya mpaka ni wilaya ya Ngorongoro, halmashauri nyingine, watu wengine, na huko watu nao wanakula.

Kesho yake Karatu ikapata afisa mpya. Alivaa kizibao kinachong'aa cha mafundi wa barabara, amekumbatia faili, na shingoni ananing'iniza kitambulisho kilichogeuzwa kwa unyenyekevu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Sabina.

"Shikamoo mama. Naitwa Afisa Leodegar, Kitengo cha Uondoshaji. Nimetumwa kuwapunguzia mzigo kabla ya tarehe mosi. Bure kabisa."

"Marahaba, baba. Bure?"

"Bure. Na tafadhali usinishawishi kwa chochote, nina kiapo." Akavuta pumzi kuelekea jikoni. "Ila kama ni chakula, kiapo hakikutaja chakula."

Sabina akampakulia makande. Alipoinama kuweka sahani, upepo wa mlangoni ulikigeuza kitambulisho, naye akakitazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Kisha akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Vichukue vyote, afisa. Lakini niandikie risiti. Serikali haibebi kitu bila risiti."

Kama kuna kitu Leodegar alikipenda baada ya Babu, ni kuandika karatasi. Akaandika kwa mwandiko wa mikia mirefu: *Nimepokea vyombo vyote vya mara moja. Tangu sasa ni mali na dhamana yangu mimi niliyetia saini hapa chini.* Akaongeza tarehe, cheo, na mstari wa wino mwekundu kwa ajili ya heshima.

"Asante. Na utavipeleka wapi vyote hivi?"

"Mbali, mama. Kuteketezwa kitaalamu."

"Mbali kama Piyaya, ng'ambo ya mpaka?" Sabina alikuwa anafuta meza na wala hakuinua uso. "Maana nasikia huko kuna kijiji wana sherehe ya rika Alhamisi hii. Wageni mia tatu, na maji ya kuoshea vyombo hawana. Sijui watakulia kwenye nini, maskini."

Leodegar alimhurumia kwa dhati mwanamke yule mwepesi wa kudanganywa kiasi hicho. Hadi jioni alikuwa amezunguka vibanda kumi na moja, ameandika risiti kumi na moja, na amekula sahani tisa. Babu alilala amejaa mpaka dirishani.

Safari ya Piyaya si ya kusimuliwa na mtu mwenye mgongo. Walipanda, wakateremka, wakameza vumbi la nchi nzima, wakapata pancha moja, na Leodegar akaimba njia yote. Alasiri ya Jumatano akakuta mti umelazwa barabarani. Pembeni yake aliketi mtu mrefu aliyejifunga shuka juu ya koti la suti, mapajani ana daftari. Alikuwa Mepukori, mtendaji wa kijiji.

"Karibu. Umebeba nini?"

"Maendeleo," akasema Leodegar.

Mepukori alichungulia ndani ya gari. "Maendeleo mangapi?"

Yakahesabiwa: maboksi mia tatu, vikombe mia tatu. Mepukori akaandika taratibu kwenye karatasi, akaigeuza, akamwonyesha pa kutia saini. Leodegar alitia saini huku anatazama vumbi la ng'ombe wanaorudi nyumbani. Mtu aliyeandika risiti kumi na moja kwa siku moja hakuona haja ya kusoma karatasi ya kijijini.

Mwenye sherehe alikuwa Nosim, mama mzee mwembamba mwenye macho yasiyotulia mahali.

"Takwenya, yeyo," Leodegar akamwamkia mama huyo kwa Kimaasai cha kuokoteza.

"Iko," Nosim akaitikia. "Hivi vitu vyako, tukimaliza kula tunaviosha?"

"Hata tone la maji, yeyo! Mnakula, mnaacha, mnaenda kulala."

Nosim akazungumza na Mepukori kwa Kimaasai, wote wawili wakacheka, na Leodegar akacheka nao maana kucheka ni bure. Wakakubaliana: dume mmoja wa ng'ombe, mwekundu mwenye baka jeupe, kwa mzigo mzima. Nosim akagawa vyombo boma kwa boma, kila boma na fungu lake.

Sherehe ilifana. Vijana waliruka, nyama ikaliwa, na Leodegar akashiba kwa mara ya kumi wiki ile. Asubuhi ya Ijumaa alikuwa anamsukuma dume wake kwa nyuma aingie ndani ya Babu, dume naye amegoma, ndipo Mepukori akaja kumgusa bega.

"Unaondoka na watoto wako?"

"Watoto gani?"

Mepukori akanyoosha fimbo. Upepo wa mbuga ulikuwa umeamka. Maboksi meupe yalikuwa yanakimbia nyikani kila upande, vikombe vinaviringika nyuma yake, na mbuzi mmoja anatafuna kifuniko kwa raha zake.

"Ile karatasi uliyotia saini," Mepukori akasema kwa upole, "ni sheria ndogo yetu. Kilichoingia na mtu hutoka na mtu huyo huyo. Kikipungua kimoja, mbuzi mmoja. Mwaka juzi tulichinja ng'ombe aliyekonda bila ugonjwa. Tumboni tulikuta plastiki imejikunja kama godoro. Tangu siku hiyo hatutanii. Ufunguo wa gari, tafadhali. Utaupata kundi likitimia."

Leodegar alijaribu Kifungu cha Tatu cha sheria aliyoitunga palepale. Akajaribu kumjua mkuu fulani. Akajaribu kuugua. Mepukori alisikiliza vyote kwa adabu, mkono ameunyoosha. Ufunguo ulipotoka mfukoni mwake, Leodegar aliung'ang'ania mpaka Mepukori akauvuta. Ulaghai wake wote haukuwahi kumgharimu kitu alichokipenda, na sasa Babu alikuwa amesimama pale, taa zake mbili zinamtazama.

Basi akachunga. Siku mbili nzima, na viatu vyake vya ncha, alifukuza maboksi katika mbuga ya Piyaya. Alitambaa chini ya miiba, alinyang'anyana kikombe na mbuzi na mbuzi akashinda. Wachungaji waliacha kazi zao wakaja kukaa kwenye kichuguu kutazama, na kila alipokamata boksi walimshangilia kama ameua simba.

Jumamosi jioni alipanga mafungu yake kwa boma, akasimama anahema. Nosim alipita kati yake mikono nyuma, kama anavyopita kila jioni ng'ombe wanapoingia zizini. Hakuhesabu. Alitazama tu.

"Wamepungua watatu."

"Yeyo, haya yote yanafanana!"

"Yanafanana kwako. Yule mwenye sikio lililopasuka hayupo. Yule mwenye doa la mafuta mgongoni hayupo. Na kikombe kimoja, kile kilichobonyea kwa aibu."

Vitatu vile vilikwisha kuliwa na mbuzi. Leodegar hakuwa na mbuzi wa kulipa, alikuwa na dume, naye akachukuliwa.

"Chenji je?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Umekunywa maziwa siku nne," akasema Nosim. "Chenji uliinywa."

Jumapili Mepukori alimrudishia ufunguo wake, na Leodegar akambusu Babu kwenye boneti hadharani, bila haya. Babu naye akagoma kuwaka. Akalala palepale hadi alfajiri ya Jumatatu, ndipo wachungaji wakamsukuma kwa vicheko. Leodegar akaondoka bila dume, amebeba maboksi na vikombe mia tano tisini na saba vinavyonuka mafuta ya nyama. Njia nzima hakuimba.

Jumatatu hiyo ilikuwa tarehe mosi.

Aliingia Karatu mchana, nzi wamemsindikiza. Mbele ya mgahawa wa Sabina walisimama akina mama kumi na mmoja, sahani na vikombe vya bati vinametameta mezani, na katikati yao bwana afya, yule wa kweli, yuko kwenye ukaguzi. Harufu ya Babu ilimfanya ageuke.

"Simamisha gari! Mali ya nani hii?"

"Ya akina mama hawa," Leodegar akasema haraka. "Mimi ni afisa mwenzako, nawasaidia tu."

Sabina alivaa miwani. Akafungua karatasi yenye mstari wa wino mwekundu, akasoma kwa sauti ile ile ya siku ya tangazo: "Tangu sasa ni mali na dhamana yangu mimi niliyetia saini hapa chini." Nyuma yake zikafunguka karatasi nyingine kumi.

Bwana afya akakigeuza kile kitambulisho. "Semina ya Wafuga Nyuki," akasoma. "Mshiriki." Akamtazama Leodegar, akalitazama gari. "Faini, au gari libaki kituoni. Na la kujifanya afisa, tutaongea na polisi."

Leodegar aliushika usukani kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya kweli.

"Bwana afya," Sabina akasema, "huyu hana kitu. Niachie mimi. Hivi vyombo vya bati vizuri, lakini vinataka mwoshaji, na chakula cha watalii kinataka gari la kukipeleka mahotelini na kurudisha vyombo. Faini yake nitalipa mimi, yeye anioshee miezi mitatu. Mizigo hii aipeleke dampo leo hii."

Bwana afya alifikiri, akaonja makande, akakubali, hata polisi akawasahau.

Aliporudi kutoka dampo na kubaki na Sabina, Leodegar akamuuliza kwa unyonge, "Mama, ulijua ya Piyaya?"

"Mwaka jana nilipika kwenye sherehe huko." Sabina alitundika ufunguo wa Babu kwenye msumari, kando ya rozari yake. "Niliacha mbuzi wawili. Nosim ni rafiki yangu siku hizi, amenifundisha mengi."

Jioni ile Leodegar alimaliza kuosha, mikono imekunjamana, vyombo vimepangwa juu ya kichanja. Sabina akapita mbele ya vyombo mikono nyuma. Hakuhesabu.

"Kile kikombe cha bluu, chenye rangi iliyomong'onyoka karibu na mkono, hakipo."

Leodegar aliutazama ufunguo kwenye msumari. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akakitoa.