Samadi Dhidi ya Mbu wa Waithaka

Jumatatu, 6 Aprili 1959

Kosa la watu wengi kinamasini ni kumpiga mbu kofi. Kofi huua mbu mmoja na kufukuza ndege wote. Nimefundisha miaka thelathini na moja, najua kueleza jambo. Leo nimejipiga makofi manne tu. Kulastara watatu, wale ndege wa miguu mirefu, wakaenda zao.

Memsahibu wa chama cha watazama ndege anatafuta mtu wa kuwatembeza wageni wake kwenye kinamasi cha hapa Waithaka. Jumamosi atatujaribu wawili, kila mmoja upande wake wa kinamasi: mimi na Mwololo, askari mstaafu. Atakayeonyesha ndege wengi atapewa kazi na koti la kaki. Kanisani nimeshatangaza kwamba kazi ni yangu. Mke wangu Peres ameuliza nimepewa na nani. Swali la haraka mno.

Jumanne, 7 Aprili

Mwololo amenishauri bila kuombwa: shati la mikono mirefu, suruali ndani ya soksi, kisha tulia. Nimemweleza kwa upole kwamba mwalimu hachomeki suruali ndani ya soksi. Nimekwenda na kaptura nyeupe na tai. Nimerudi na magoti kama viazi.

Jumatano, 8 Aprili

Nimechukua chandarua cha kitandani. Nimejifunika kuanzia kofia hadi viatu, nikaketi kwenye matete. Mbu saba walikuwa ndani tayari. Mwololo amepita, akasema, "Pole, bibi arusi. Bwana amekawia?"

Chandarua kimenasa kwenye miiba, kikatoboka. Peres amelikagua tundu kwa muda mrefu. "Baba Odero," amesema, "upande wa tundu ndio wako."

Ijumaa, 10 Aprili

Nimekumbuka kwetu Nyanza. Jioni tulichoma samadi kavu zizini na mbu hawakutukaribia. Kumbukumbu imekuja na hila yake. Nitawasha moto upande wangu, upepo uwapeleke mbu wote kwa Mwololo. Atajipiga makofi, ndege watamkimbia, memsahibu ataona mwenyewe.

Waceke, jirani mwenye ng'ombe, amenipa debe moja. Ameuliza ninapanda nini. Nimemwambia ni mambo ya elimu.

Jumamosi, 11 Aprili

Hila imefaulu, kwa kiasi. Moshi umewafukuza mbu wote hadi kwa Mwololo. Umewafukuza na ndege wote, hadi kwa Mwololo. Korongo wenye taji, yangeyange, hata mdiria ambaye sijamwona tangu mwaka jana. Mwololo ametulia tuli, suruali ndani ya soksi, mbu wakitalii juu ya shati lake. Memsahibu amehesabu ndege ishirini na sita. Kisha amekuja upande wangu, akanikuta nakohoa.

Samadi ikaisha. Mbu wakarudi kwangu, wote, na njaa ya safari.

Mwololo amevaa koti palepale. Limemkaa vizuri, sitaficha. Amenipa mkono mbele ya memsahibu: "Ahsante, Mwalimu. Peke yangu nisingewapata wengi hivyo."

Jumapili, 12 Aprili

Kanisani wameuliza koti liko wapi. Nimesema linapunguzwa mikono. Peres amekohoa, ingawa hakukuwa na moshi.

Nimelichunguza kosa kwa makini, kama nilivyokuwa nikisahihisha hesabu za darasa la saba. Samadi haina hatia. Ilikuwa kidogo. Debe moja huwapeleka ndege hadi kwa Mwololo. Madebe mawili yatawapitisha Mwololo, waende zao. Memsahibu atakuja tena Jumamosi.

La kufanya leo, kabla ya chakula: kwenda kwa Waceke kuomba debe la pili.