Bwawa la Kileleni

Tunayo heshima kuutangazia umma kwamba wilaya yetu ndiyo ya kwanza kuwapatia samaki makazi yaliyopimwa kihandisi. Nasema nikiwa katibu wa Kamati ya Uhandisi wa Ufugaji Endelevu wa Samaki, tena sikukosa kikao hata kimoja chenye chapati.

Ulikuwa ule mwaka soko huria lilipoingia Mbinga pamoja na suti za mtumba. Mwenyekiti wetu, Bwana Wendelin, alipata suti, akapata na wazo. Wamatengo tunalima mahindi kwenye ngolo, mashimo yanayoshika maji ya mvua mlimani.

"Shimo la mahindi linashika maji," alisema. "La samaki litashindwaje?"

Tukapiga makofi. Bwawa la saruji likajengwa kileleni, juu ya barabara ya Matiri, ili wageni waheshimiwa walione bila kushuka garini.

Maji ya mto yakakataa kupanda. Kamati ililijadili suala hilo kwa kina, ikabaini kwamba maji bado hayajaelimishwa.

Kero ilikuwa moja tu. Bondeni, Mama Mektilda alikuwa na bwawa la udongo, lenye mfereji wake na perege walionona. Halikupimwa na mtu. Mwenyekiti akalifungia: marufuku kuvua.

"Baba, Jumamosi namwoza Ida," mama akasema. "Kijiji kizima cha Mpepai kinakuja. Niwape mboga gani, saruji?"

"Uhandisi hautazami harusi."

Alhamisi tukaambiwa mkubwa kutoka wizarani yuko njiani, anataka kuona samaki. Si bwawa, samaki. Tukapanda kileleni kukagua. Tulimkuta mbuzi kalala penye kina kirefu.

Tukateremka bondeni mbio.

"Shikamoo, mama," akahema mwenyekiti.

"Marahaba. Umepotea?"

"Mgeni atapita hapa kidogo."

"Kwenye bwawa haramu? Hapana, baba, mimi serikali naiogopa."

Majirani walishajaa kama kilabuni siku ya mnada, maana Mbinga habari haingoji gari. Mbele yao wote mwenyekiti akatamka: kuvua ruksa, harusi ruksa, na hongera kwa bibi harusi.

Mgeni akafika, akaona perege wanavyorukaruka, akachekelea mpaka jino la mwisho.

"Mhandisi wa mradi huu ni nani?"

Sisi tukamtazama mama. Mama akamtazama mwenyekiti.

"Ni huyu, mheshimiwa. Tena si mtu wa kukaa ofisini. Tope la mfereji hulitoa mwenyewe."

"Kwa jembe!" wakaitikia majirani. "Peku!"

Mgeni alimkumbatia. "Wataalamu wa namna hii ndio taifa linaowatafuta! Endelea, ndugu yangu, nisikukatize kazi."

Mwenyekiti akavua viatu. Kamati, kwa kauli moja, ikabaki nchi kavu. Mgeni akaomba kiti, akasema hana haraka, haondoki mpaka aone mwisho.

"Karibu sana," mama akamsogezea kigoda. "Mfereji wenyewe mrefu kidogo. Na akimaliza wangu, mheshimiwa, huwa anaingia wa jirani."