Nafasi Moja ya Kyoto

Jumatano, 6 Mei
Imebaki nafasi moja tu ya kwenda Kyoto! Wiki mbili, chuo kinagharimia. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Gervais, Mkongomani ninayepanga naye hapa Kilburn, kwa Waingereza. Pramila, mwenyekiti wa klabu ya Ujapani, kasema Jumamosi atatuzungusha mjini kuona mambo ya Kijapani. Tutamalizia kwa Bi Fumiko, mwalimu wa adabu za chai ya Kijapani, miaka sabini na tisa. Yeye ndiye atakayechagua.

Gervais amesoma vitabu vya Ujapani miaka mitatu. Mimi miaka mitatu nimekula tambi zao za pakiti. Sioni tofauti kubwa.

Alhamisi, 7 Mei
Mazoezi. Chai yao hunywewa mtu kapiga magoti, kakalia visigino. Nikajaribu jikoni. Dakika nne, miguu ganzi! Chooni nilifika kwa kutambaa. Gervais hukaa hivyo saa nzima, tena anasoma. Hatari.

Kuinama je? Hapo sina wasiwasi. Kadiri unavyoinama ndivyo unavyoheshimu. Mimi nimelelewa Tanga. Kwa kuheshimu wazee hanipati mtu.

Ijumaa, 8 Mei
Akili ni mali! Nimemwambia Gervais, kwa sura ya huruma, kwamba siku hizi Wajapani wameacha kukaa chini. Mgeni mstaarabu huenda na kiti chake. Akashangaa mbona vitabu havisemi. Nikamjibu vyake ni vya zamani. Akanishukuru. Nikamwonea huruma kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 9 Mei
Gervais katoka na viti viwili vya kukunja vya jikoni kwetu. Cha pili cha Bi Fumiko, maana hawezi kukaa yeye, mzee akasimama. Kavibeba kwenye treni, makumbusho, mpaka bustani ya Kijapani ya Holland Park. Walinzi walimsimamisha mara tatu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Saa kumi, kwa Bi Fumiko. Mlangoni akaniinamia. Nikainama. Akainama zaidi. Mzee awe chini yangu? Mama angesikia angenikana! Nikashuka. Akashuka. Nikapiga magoti, naye akapiga. Nikaweka paji la uso kwenye mkeka, naye akaweka lake. Hapo tukakwama. Mimi siwezi kuinuka kabla ya mzee. Yeye mwenyeji hawezi kuinuka kabla ya mgeni. Birika likachemka. Pramila akatusihi kwa Kiingereza, kisha akanisihi mimi kwa Kiswahili alichookota kwa bibi yake wa Mwanza. Hakuna aliyesogea.

Gervais akakunjua kiti. Akaomba radhi, akamwinua bibi polepole, akamkalisha. Nikasubiri afukuzwe. Bi Fumiko akafumba macho, akashusha pumzi.

"Magoti haya yananitesa mwaka wa kumi na moja," akasema. "Wanafunzi wangu wote wanajua. Hakuna aliyewahi kuniletea kiti."

Wakanywa chai vitini, wakicheka. Mimi nilikuwa bado chini. Si kwa heshima tena. Miguu ilikuwa imekufa, na kunyanyuliwa nilinyanyuliwa na Gervais huyohuyo.

Jumapili, 10 Mei
Gervais ndiye anayekwenda. Imeniuma, sifichi. Kaja chumbani na sahani ya sambusa, machozi yakimlenga. "Aksanti sana, ndugu yangu," kasema. "Bila weye ningeikala chini."

Nimezila zote tano. Nikalia kidogo, nikasingizia pilipili.

Jumatatu, 11 Mei
Pramila kanitumia ujumbe: mimi ni wa akiba. Gervais akighairi, naenda mimi!

Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Sasa nimeliona. Nilimdanganya mara moja tu. Leo nimemdanganya mara tatu: kwamba ndege za huko hazina choo, kwamba mgeni huogeshwa hadharani na mzee wa mtaa, na kwamba mwenyeji akikupenda hakuruhusu kurudi. Kaandika yote kwenye daftari, mstari kwa mstari, na kunishukuru mara tatu.

Sanduku langu nimeshalishusha kutoka juu ya kabati.