Kitanda cha Lusia Kinachojiendesha

Jumatatu, 3 Juni 1957. Iringa.

Ukungu umekaa mlangoni tangu asubuhi. Nami nimekaa nao. Lusia halali mpaka kitanda chake kisukumwe mbele na nyuma, na mikono yangu imekuwa kama ya mtu mwingine. Salamu zimefika kutoka Kilolo: mama mkwe anakuja Jumamosi. Akinikuta bado nimechoka hivi, atamchukua Lusia akamwachishe ziwa kwake, kama walivyochukuliwa watoto wote wa ukoo huu. Baba Lusia yuko Mbeya na lori. Angekuwepo angesema ndiyo mama. Mimi nasema haendi! Inatosha nionekane nimepumzika. Nina mpango.

Jumatano, 5 Juni.

Mpango ni kaka yangu Didas. Wakati wa vita alikuwa fundi wa jeshi Nairobi, akarudi na sanduku la vyuma ambalo mkewe analichukia. Amefunga mota kwenye magurudumu ya kitanda, na betri ya lori chini yake. Kila mara saa ya mezani inapopiga ta, boksi la nyaya alilolitundika ubavuni linapeleka umeme kidogo kwenye mota, nayo inasogea hatua moja. Kumi mbele, kumi nyuma. Tena kuna kisahani chenye matundu, kinazunguka pamoja na gurudumu. Kila tundu likipita, habari inarudi kwenye boksi. Boksi likiona limeamuru kumi na zimefika nane, linaongeza mbili zilizopungua. Nilimsikiliza nimefumba macho. Nikaota hatua zinashuka kutoka mawinguni, kila moja imevaa soksi.

Ijumaa, 7 Juni.

Tumejaribu. Kisahani hakinyamazi, na boksi linanguruma likibishana nacho. Lusia anafumbua macho. Halafu sikupenda tabia yenyewe. Kwetu aliyetumwa huenda, hasimami kujibizana na mkubwa. Nimekata waya wa kisahani. Didas alishika kichwa. Alisema sasa boksi litaamini kila hatua imefika hata kama haikufika. Nikamwambia ndivyo ninavyoamini mimi nikimtuma yeye dukani. Jirani yangu Mwamvita alichungulia, akacheka kwamba kwao watoto hulazwa mgongoni. Nilimjibu kwa upole kuwa mgongo wangu una kazi nyingine.

Jumamosi, 8 Juni.

Mama mkwe alifika mchana. Alinikuta nimelala kitini, uso umepumzika kabisa. Kitanda hakikuwepo.

Sakafu yetu inateremkia mlangoni, nyumba nyingi za mlima huu ziko hivyo. Kushuka, hatua zote zilifika. Kupanda, mota ilielemewa, hatua moja ikapotea, kisha mbili, na hakuna wa kuliambia boksi. Kidogo kidogo kitanda kikatoka nje kama mtu anayeota. Kilikwama kwenye ukuta wa Mwamvita. Lusia fofofo! Mwamvita alikisukuma kukirudisha mbele ya mkwe wangu, taratibu, apate kuonekana.

"Binti yenu alikuja kunitembelea," akasema, "ila hakupiga hodi."

Nilimnyanyua Lusia nikamkumbatia. Nikasema mtoto haendi Kilolo, hata nisipolala mpaka mwakani. Mama mkwe alinitazama, akautazama na waya uliokatwa.

"Haendi, mama Lusia," akasema. "Aliyechoka hivi haachwi peke yake. Nakaa mimi hapa."

Jumapili, 9 Juni.

Nimelala mpaka jua limepanda mezani. Ndotoni ukungu ulikuwa unanisukuma, mbele, nyuma. Nilipoamka mama mkwe ameshahamisha jiko, chumvi na ndoo ya maji. Ameuliza uji wangu ulifunzwa na nani kuwa mwepesi. Lusia anacheka mgongoni mwake. Namshukuru mama, kwa moyo wote. Sasa arudi kwake.

Kosa lilikuwa la sakafu. Nimemwomba Didas kiti kikubwa cha magurudumu, chenye mota mbili, kitazame upande wa Kilolo. Ameuliza kama safari hii nitataka kisahani cha kujibu. Nimemwambia cha nini? Atakayekikalia anajibu vya kutosha.