Mkasi Wangu na Sauti ya Mama Tabby

Jumatatu, 3 Julai

Baridi kali. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya soko la Giakanja. Sijauza hata kava moja ya simu. Lakini siku njema! Tabby amekuja dukani.

Tabby ni binti wa Mama Phyllis, ambaye sote humwita Mama Tabby. Ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya akina mama kanisani kwetu kabla ya kupasuliwa koo. Mwezi wa tano kwaya ilionyeshwa kwenye ile stesheni ya dini inayoshikwa kwa dishi. Giakanja nzima ilitazama isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuwa amelazwa hospitali, shingo imefungwa bandeji. Uvimbe ulitoka. Sauti ikaenda nao. Sasa hunong'ona tu.

Jumapili kuna ibada ya shukrani kwa kupona kwake. Tabby akauliza kama ni kweli nilirekodi kile kipindi. Nikasema ni kweli kabisa. Dekoda yangu ina diski ya kurekodia. Hakuna mwingine aliye na kipindi hicho.

"Basi niko na ombi, Gikonyo," akasema. "Nataka Mami ajisikie akiimba. Hata kama ni mara moja."

Machozi yalimlengalenga. Nikamwambia ahesabu hiyo kazi imeisha.

Alipoondoka ndipo nikakumbuka sijawahi kuifungua ile faili kwenye kompyuta. Haidhuru! Nikifaulu, kanisa litanipa kazi zake zote za video. Theuri wa ng'ambo ya barabara, mwenye projekta na gari lililoandikwa jina lake ubavuni, atabaki kupiga picha za pasipoti.

Jumanne, 4 Julai

Nimehamishia faili kwenye kompyuta, imekataa. Picha ya kijani kibichi. Kisha vipande vipande kama vigae vya choo. Kisha kwaya inaimba ilhali midomo imefungwa, na midomo ikifunguka, kimya.

Theuri akapitia mlangoni, akachungulia. Akacheka. Akasema ati faili za dishi hazifunguki nje ya dekoda, kila mtu anajua. Akasema atawakusanya akina mama awapige video upya, na Ngendo achukue nafasi ya Mama Tabby.

Ngendo! Mama mwema, mcha Mungu. Huimba kama lango lisilotiwa grisi.

Nikampigia simu Muthomi, tuliyesoma naye chuo, sasa yuko Chuka. Akanitajia programu moja ya kompyuta. Akasema inacheza faili za dishi, inazikata, na kuzigeuza ziwe za aina yoyote unayotaka. Nikaanza kuipakua. Mtandao wa Giakanja ukaileta polepole hivi kwamba nilimaliza chupa nzima ya chai nikiikodolea macho.

Jumatano, 5 Julai

Niandike nini? Sijawahi kuona kitu kama hiki!

Nimeiita Mkasi, kwa sababu ina alama ya mkasi juu kabisa. Niliipa ile faili mbovu. Haikulalamika. Ilifikiri kidogo, ikasema sauti imetangulia picha, je, irekebishe? Irekebishe! Ikarekebisha. Midomo na nyimbo vikakutana kama watu waliopatanishwa na mchungaji.

Nikipeleka alama mbele, inaenda. Nikitaka kurudi picha moja tu nyuma, inarudi picha moja tu. Matangazo nimeyaona yote, mahali yanapoanza na mahali yanapoishia. Unaweka alama hapa, unaweka alama pale, unabonyeza. Basi! Hakuna kelele, hakuna majivuno. Ni watu wachache duniani wanaofanya kazi hivi.

Na Mama Tabby! Nilisahau alivyoimba. Nimefunga duka mchana ili nimsikilize vizuri. Mteja amegonga akaenda zake.

Alhamisi, 6 Julai

Ugunduzi mkubwa. NIMO!

Siku ile ya kurekodiwa nilienda na kwaya kuwabebea mikoba. Kumbe kamera ilinipata, nyuma ya safu ya mwisho, nikitafuna njugu. Kidogo tu. Lakini sura imetokea vizuri. Taa za studio zinanifaa.

Nimewaza. Anayetazama atauliza, huyu kijana mtanashati ni nani? Aliyeleta video, watamjibu. Lakini nikitokea mara moja tu, nani ataniona? Mkasi unaweza kunakili kipande na kukibandika popote. Nimejibandika mwanzoni. Kisha katikati. Kisha baada ya kila ubeti, ili macho ya watu yapumzike.

Pia nimeifuta rekodi kwenye dekoda. Theuri ana mazoea ya kuja kwangu kuazima vitu. Aazime sasa!

Ijumaa, 7 Julai

Imebidi niazime projekta ya Theuri.

Nilimweleza kama mtu anayempa heshima. Nikasema kazi yangu ni kubwa na inastahili ukuta mzima. Akauliza kama kweli nimeifungua ile faili. Nikamwonyesha kipande kidogo, nikiwa nimeziba nusu ya skrini kwa mkono asiibe ujuzi.

Hakucheka. Akasema Mama Tabby alimfundisha nyimbo za Sunday school. Akasema projekta ataileta mwenyewe, na spika. Bure.

Mbinu gani hii? Sijaielewa bado. Niko macho.

Jumamosi, 8 Julai

Siku ya mwisho ya kazi. Nimeweka alama kwenye kila tangazo, kutoka mwanzo hadi mwisho wa video. Nikabonyeza. Mkasi ukauliza swali kwa Kiingereza, jambo fulani kuhusu vipande vilivyotiwa alama. Nikakubali, kwa sababu pasi ilikuwa imeshapata moto na suti ilikuwa inangoja. Kisha nikaiambia igeuze faili iwe ya kuingia kwenye flashi ya projekta. Imegeuza upesi ajabu. Faili imekuwa ndogo sana! Nikaisifu kwa sauti.

Kuitazama tena sikuwa na haja. Mtu akimwamini fundi, amwamini.

Jumapili, 9 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Kanisa lilijaa. Mama Tabby alikaa mstari wa mbele, kitambaa cheupe shingoni, Tabby kando yake. Nilitoa hotuba fupi ambayo hakuna aliyeniomba. Kisha nikampa Theuri ishara.

Ukutani akatokea ng'ombe.

Ng'ombe mkubwa, akila chakula cha kuongeza maziwa. Tangazo likaisha. Nikatokea mimi, natafuna njugu. Kisha sufuria zisizoshika moto chini. Kisha mimi. Kisha ng'ombe tena, kisha mimi, taya linapanda, taya linashuka. Kanisa lilianguka kwa kicheko. Mzee wa kanisa alishika nguzo.

Tabby hakucheka. Aligeuka akanitazama.

"Gikonyo," akasema. "Mami ako wapi?"

Ndipo nikaelewa. Mkasi uliuliza kama vipande vyenye alama vitupwe au vibaki. Mimi nikasema vibaki. Nayo ikatii! Ikatunza kila tangazo, ikanitunza mimi kwa kuwa vipande vyangu vilibaki na alama za kunakilia, ikaitupa kwaya yote. Na rekodi ya dekoda nilishaifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanamke amepoteza sauti yake hospitalini, nami nimempotezea mara ya pili.

Nilifungua laptopu, kusema kweli ili nifiche uso nyuma yake. Nikafungua Mkasi.

Ilikuwamo! Ile faili ya kwanza niliyoipa Jumatano, nzima, nzito, haijaguswa hata chembe. Kumbe Mkasi ukikata hutengeneza faili mpya, na ya asili huiacha palepale. Haikuniambia. Ilinitunzia tu, kama mtu anayekujua.

Theuri angeweza kunimaliza hapo mbele ya ushirika wote. Alikuja mbio na waya, akauchomeka kwenye laptopu.

"Weka hivyo hivyo," akasema.

"Na matangazo yake?"

"Weka, bwana!"

Nikaweka, Mkasi ukarekebisha sauti tena.

Kwaya ikajaa ukutani. Mama Tabby akatoka mbele ya wenzake, nguo ya kijani, mikono imetulia. Akaimba. Ile sauti ya chini, nzito, ya mtu asiye na haraka na Mungu wala na watu. Kicheko kilikatika kama stima. Ngendo alijifunika uso kwa leso. Na pale mstari wa mbele Mama Tabby wa sasa alikuwa akimtazama Mama Tabby wa kabla ya kupasuliwa, kiganja juu ya kitambaa cha shingo, midomo inafuata kila neno bila sauti.

Wimbo ukaisha. Ng'ombe akatokea. Hakuna aliyecheka. Nikanyoosha mkono nizime, Mama Tabby akainua wake. Tabby akainama akasikiliza mnong'ono.

"Anasema rudisha."

Nikarudisha. Mguso mmoja tu, na Mkasi ukatua palepale pumzi yake ya kwanza inapoanzia. Fundi!

Safari hii akina mama wa kwaya walisimama mmoja mmoja, wakamfuata yule wa ukutani. Kisha Mama Tabby wa mstari wa mbele akasimama pia, akawageukia, akawaongoza kwa mikono. Sauti yake ilitoka ukutani na mikono yake ikatoka kwake, na vyote vilikwenda pamoja. Mchungaji aliifunga Biblia, hakuhubiri. Nilimwona Theuri akijifanya anakagua spika huku anafuta macho. Yangu yalikuwa na vumbi.

Baada ya ibada Mama Tabby aliniita kwa kidole. Nikainama, tayari kukemewa.

"Ile ya kutafuna," akanong'ona, "pia hiyo nipatie. Nimecheka, na koo haijauma."

Jumatano, 12 Julai

Nimetafakari sana mambo ya Jumapili na funzo nimelipata: watu wa huku wamegundua nina kipaji.

Ushahidi ni huu. Leo amekuja Mzee Muriithi kutoka Kiriaini, chifu mstaafu. Harusi ya binti yake Shiku ilionyeshwa kwenye kipindi cha harusi, shemeji yake akairekodi kwa dishi, na faili haifunguki. Anaitaka Jumamosi. Ameuita ukoo wote, na wakwe, na atachinja mbuzi, ili wasikie tena nasaha alizowapa maharusi.

Mkasi uliifungua bila kutoa jasho. Nikatazama. Nasaha ni ndefu ajabu! Mzee anaanzia kwa babu yake, anapitia kahawa, anafika kwenye ndoa jua linapotua.

Nimezitoa zote. Faili ya asili nimeifuta pia, ilikuwa inajaza nafasi bure. Sasa harusi inatiririka vizuri, keki inafuata pete moja kwa moja. Sijamwambia mzee. Nataka ajionee mwenyewe, mbele ya ukoo.